Bima si ya kumwonyesha askari, ni ya jirani utakayemgonga

Mvua ilikuwa imeanza Manyatta, ile mvua ya kutoka mlimani isiyobisha hodi. Nilikuwa nimeegesha Vitz yangu kando ya barabara karibu na steji, trei za mayai zikiwa kwenye buti na magunia mawili ya avokado kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa namlipa mama aliyeniuzia avokado, simu mkononi, nikingoja ujumbe wa M-Pesa uingie. Kisha nikasikia kishindo.

Probox iliyokuwa ikirudi nyuma ilikuwa imeniingia. Taa ya nyuma ya kushoto, vipande vipande. Fenda imebonyea kama sufuria iliyoanguka sakafuni. Mlango wa buti umekataa kufunga. Trei mbili za mayai, uji mtupu.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo nashukuru Mungu. Makala haya si ya ajali kubwa zile tunazoziona kwenye taarifa ya habari usiku. Ni ya zile ndogo za "pole, sikukuona" zinazotokea kila siku stejini, sokoni na nje ya kanisa. Ajali hizi hazitangazwi popote, lakini lazima mtu azilipie. Swali ni nani.

Dereva akashuka. Kijana wa rika langu, kandambili miguuni, mikono kichwani. Neno lake la kwanza halikuwa pole. Alisema, "Madam, tafadhali usiite polisi. Stika iliisha."

Ilikuwa imeisha siku kumi na tisa zilizopita. (Siku hizi cheti cha bima huja kidijitali, lakini jina la stika limebaki midomoni mwetu.) Probox yenyewe ilikuwa ya mjomba wake. Yeye kazi yake ilikuwa kubeba maziwa asubuhi, kisha mchana kubeba yeyote anayetaka kushuka Embu mjini. Stika zao zilikuwa za mwezi mmoja mmoja, na mwezi huo mjomba alikuwa amesema wangoje pesa za maziwa ziingie kwanza.

"Malizaneni hapa hapa"

Unajua jinsi watu hujaa. Ndani ya dakika tano tulikuwa na bodaboda kama kumi, kila mmoja fundi, kila mmoja wakili. Mmoja akapapasa fenda yangu akatangaza, "Hiyo ni elfu mbili tu, inanyooshwa na kurudi." Mwingine akanishauri ninyang'anye ufunguo wa Probox mpaka nilipwe. Mzee mmoja mwenye mwavuli akasema neno ambalo wengi wetu tunapenda kulisikia: "Nyinyi nyote ni watoto wa hapa. Malizaneni hapa hapa."

Nikakubali. Nilikuwa nimelowa, mayai yalikuwa yakichuruzika, na wateja wangu wa Embu walikuwa wakipiga simu. Kijana akanitumia 1,500 kwa M-Pesa, akaahidi nyingine Ijumaa. Hatukuandika chochote. Sikupiga picha ya leseni yake. Sikuuliza jina la mwenye gari. Nilichoondoka nacho ni jina lililotokea kwenye M-Pesa na nambari ya simu.

Jumatatu fundi wa Embu mjini akanipigia hesabu. Taa ya mtumba, 4,500. Kunyoosha bati na kurekebisha mlango wa buti, 4,000. Rangi, 6,000. Jumla 14,500, na hapo mayai 60 hayajahesabiwa.

Ijumaa ikafika. Simu iliita, haikushikwa. Jumamosi nikaambiwa mteja hapatikani. Wiki iliyofuata nikasimamishwa kwenye kizuizi nikielekea Embu. Kosa langu: taa ya nyuma haifanyi kazi. Leseni yangu ilikuwa sawa, bima yangu ilikuwa hai, na bado ni mimi niliyekuwa kando ya barabara nikijieleza, huku Probox zikipita moja baada ya nyingine. Ni hapo hasira iliponipanda, na ni hapo nilipoanza kuuliza na kusoma sheria inasemaje.

Sheria inalinda mwili, hailindi bampa

Nilikuwa nikiamini, kama wewe labda unavyoamini, kwamba kila gari ni lazima liwe na bima ya thadi pati, na kwamba bima hiyo ndiyo hulipa mwenye gari lililogongwa. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Sheria inayotulazimisha kuwa na bima ni ile ya bima ya magari dhidi ya madhara kwa watu wengine, Sura 405. Inachomlazimisha mwenye gari ni bima ya kifo au majeraha ya mtu mwingine yanayotokana na gari lake barabarani. Taa yangu haimo. Fenda yangu haimo. Kampuni nyingi za bima huongeza kinga ya mali ya mtu mwingine kwenye mkataba wa thadi pati, tena kwa kikomo fulani, lakini hilo linatoka kwenye mkataba wako na kampuni, si kwenye lazima ya sheria. Sasa hivi fungua mkataba wako usome. Wengi wetu hatujawahi. Tunanunua stika jinsi tunavyonunua kredo ya simu.

Kwa hiyo kama yule kijana angekuwa na bima hai, ningekuwa na mlango wa kubisha. Kwa kuwa hakuwa nayo, hakukuwa na kampuni, hakukuwa na fomu, hakukuwa na ofisi. Kulikuwa na yeye na mfuko wake, na mfuko wenyewe ulikuwa unangoja pesa za maziwa.

Utaniambia, "Si ungetumia bima yako?" Yangu ni thadi pati. Inawakinga ninaowagonga mimi, hainikingi mimi ninapogongwa. Bima kubwa, komprehensivu, huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na magari makuukuu kama yetu kampuni nyingi hazitaki hata kuyasikia. Hata aliye nayo, kuna kiasi cha kwanza anachojilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutoa senti, na akidai anaweza kupoteza punguzo la mwaka unaofuata. Kwa uharibifu wa 14,500, wengi huona ni afadhali kunyamaza.

Hilo ndilo shimo ninalotaka ulione. Hasara kama yangu ni ndogo mno kwa kampuni ya bima, ni ndogo mno kwa wakili, lakini ni kubwa mno kwa kijana anayeuza mayai. Kwangu 14,500 ilikuwa faida ya wiki tatu. Kwa mwanafunzi wa chuo aliyeazima gari la babake, ni pesa ya chakula ya muhula.

Kuna nchi zilizoliona shimo hili zamani. Uingereza ina shirika liitwalo Motor Insurers' Bureau tangu 1946, linalochangiwa na kampuni za bima, na hulipa waliogongwa na madereva wasio na bima. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali unaotokana na ushuru wa mafuta, ingawa wenyewe huangalia majeraha ya mwili tu. Sisi hapa tuna Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini huo ni wa kampuni ya bima inapoanguka. Aliyegongwa na mtu asiye na bima kabisa hana pa kwenda ila kwa huyo aliyemgonga.

Kilichoniokoa ni karatasi, tena iliyochelewa

Nilirudi Manyatta nikamuuliza mama wa avokado. Alimjua mjomba wa kijana, alijua na shamba lake, alijua hata kanisa anakosali. Nikamwendea mzee wa kijiji, tukaenda naye kwa mjomba.

Mjomba alinipokea vizuri, chai ikaletwa. Kisha akaniambia, "Msichana wangu, aliyekugonga ni huyu kijana, si mimi. Ongea na yeye."

Nikamjibu kwa heshima, "Mzee, gari ni lako, na siku hiyo lilikuwa limetoka kupeleka maziwa yako."

Sikuwa nimebuni. Mwenye gari anaweza kuwajibishwa kwa kosa la dereva wake pale dereva anapokuwa kazini kwake au akiliendesha gari kwa niaba yake. Mzee wa kijiji aliitikia kwa kichwa. Mjomba akanyamaza kwa muda, akauliza, "Fundi alisema ngapi?"

Tulimalizia katika ofisi ya naibu wa chifu. Ukurasa mmoja, mwandiko wa kalamu. Tarehe ya ajali na mahali. Nambari za usajili za magari yote mawili. Kilichovunjika. Hesabu ya fundi. Shilingi 1,500 zilizokwisha kulipwa, shilingi 13,000 zilizobaki, na tarehe tatu za kuzilipa: 5,000, kisha 4,000, kisha 4,000. Nambari za vitambulisho, saini zetu, saini za mashahidi wawili. Awamu mbili zililipwa kwa wakati. Ya tatu ilichelewa wiki tatu, lakini iliingia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuwahi kudhani walikuwa wakisema kuhusu fenda ya Vitz.

Lakini tusidanganyane. Nilipona kwa sababu Manyatta ni ndogo na watu wanajuana. Kama ningegongwa Embu mjini na mtu wa kupita njia akielekea Meru, au Nairobi kwenye msongamano wa Thika Road, yule kijana angekuwa nambari ya simu iliyozimwa, basi. Bahati si mpango. Kwa hivyo haya ndiyo ningefanya kesho nikigongwa tena, nawe uyaweke akilini.

Kwanza, piga picha kabla gari halijasogezwa. Magari yote mawili, nambari za usajili, mahali yalipo barabarani, kilichovunjika, kisha leseni ya dereva na cheti cha bima, hata kama kimeisha. Hasa kama kimeisha.

Pili, chukua jina la dereva na la mwenye gari. Huombi hisani. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyoharibu gari la mwingine asimame, na akiulizwa atoe jina na anwani yake na za mwenye gari. Asipotoa, anatakiwa aripoti kituo cha polisi haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Nambari ya simu akikupa, ipigie hapo hapo uione ikiita mkononi mwake. Na ukiwa na nambari ya usajili ya gari, unaweza kumtafuta mwenye gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen kwa ada ndogo.

Tatu, ripoti polisi upate nambari ya OB na abstrakti, hata kama mmeelewana. Wengi tunaona kuripoti ni kumchongea mtu. Mimi naona ni kuweka kumbukumbu. Mkielewana vizuri, karatasi hiyo itakaa kabatini isimdhuru mtu. Msipoelewana, bila hiyo kesi yako itakuwa hadithi tu.

Nne, usikubali bei ya umati. Bodaboda aliyesema elfu mbili hakuwa na nia mbaya, hakujua tu bei ya rangi. Mwambie aliyekugonga mwende kwa fundi pamoja, au pata hesabu za mafundi wawili. Akikupa chochote pale barabarani, mtumie ujumbe: "Nimepokea 1,500, ni sehemu ya malipo." Ujumbe kama huo unakaa kwenye simu zenu wawili. Na ukiletewa karatasi inayosema umelipwa yote na huna dai lingine, usitie saini kabla pesa yote haijaingia.

Tano, usinyang'anye mtu ufunguo, wala usiruhusu umati umguse. Tumeona nchini humu magari yakichomwa kwa sababu ya mgongano mdogo wa bodaboda. Ukimnyang'anya mtu gari, wewe uliyekosewa unageuka mkosaji kwa dakika moja.

Sita, na hili vijana wengi hawalijui, tuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, na mahakama zenyewe zilianza kazi 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa. Huhitaji wakili, unaweza kujisimamia mwenyewe. Haishikilii zile taratibu kali za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda kwenye rejista ya mahakama iliyo karibu nawe uulize dai kama lako linapelekwa wapi. Picha zako, ujumbe wako wa M-Pesa, hesabu ya fundi na abstrakti ndiyo silaha yako.

Usikae nalo mpaka uzee, pia. Dai la kuharibiwa mali kwa uzembe hufa baada ya miaka mitatu. Mkishaandikiana makubaliano, dai la kuvunjwa kwa makubaliano lina miaka sita. Hiyo ni sababu nyingine ya kushika kalamu.

Na mimi si malaika

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Januari iliyotangulia ajali ile, stika yangu mwenyewe iliisha. Unaijua Januari. Kwa siku nne nilishusha mayai Embu bila bima. Nilichofanya ni kile tunachofanya sote: niliuliza bodaboda kama kuna kizuizi mbele. Nikaambiwa njia ni safi, nikapita. Nilijiona mjanja.

Katika siku hizo nne sikumfikiria hata mara moja mtu ambaye ningeweza kumgonga. Niliwaza askari tu. Na ndivyo wengi wetu tunavyoichukulia bima: ni kitu cha kumwonyesha askari. Askari asipokuwepo, haina kazi. Tunadhani tunacheza pata potea na polisi. Kumbe pesa tunayoiweka mezani ni ya mama anayeuza avokado, ya mwendeshaji boda aliyechukua pikipiki kwa mkopo, ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu anayevuka barabara. Hao hawakuulizwa kama wanataka kucheza.

Na hebu fikiria kama Probox ile haingegonga fenda. Ningekuwa nimesimama nyuma ya buti nikipanga trei, kama nilivyokuwa nimesimama dakika tatu kabla. Hapo hatungekuwa tunazungumza 14,500. Tungekuwa tunazungumza mguu, hospitali, harambee.

Najua majibu yenu, kwa sababu yalikuwa yangu.

La kwanza: bima ni ghali na maisha ni magumu. Ni kweli. Juni 2024, pendekezo la kutoza kila gari ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani yake, ambao ungekusanywa mtu anapokata bima, lilipingwa vikali na likaondolewa. Vijana tulikuwa mstari wa mbele. Tulisema gari si anasa, gari ni kazi. Nilisema hivyo, na bado nasema hivyo. Lakini kama gari ni kazi, basi bima ni gharama ya kazi, kama mafuta. Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo nitaendesha bila petroli kwa sababu Januari ni ngumu. Kama biashara haiwezi kubeba bima, si kwamba bima ni ghali. Ni kwamba bei tunayomtoza mteja haijakamilika, na sehemu iliyobaki tumemwekea mtu wa kando ya barabara ailipe bila kujua.

La pili: kampuni za bima hazilipi. Hapa sina ubishi mkubwa. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi 2005, Blue Shield 2011, na maelfu ya watu walibaki wameshika karatasi. Lakini dawa ya kampuni mbovu ni kuchagua kampuni, kuuliza, kuangalia kama imesajiliwa na mamlaka ya bima, IRA, na kupiga kelele inapokwepa kulipa. Kuendesha bila bima hakumkomoi mwenye kampuni. Kunamkomoa jirani.

La tatu: "Mimi ni dereva mzuri." Yule kijana alikuwa dereva mzuri. Mvua ilikuwa kwenye kioo cha nyuma.

Tunachoweza kudai, na tunachoweza kufanya leo

Kwa wabunge wetu nina mambo mawili. Sheria ya Sura 405 iongezwe kinga ya lazima kwa mali ya mtu mwingine, hata kama ni kwa kikomo kidogo, ili ajali ndogo ziwe na pa kuegemea. Na tuanzishe mfuko wa waliogongwa na wasio na bima, kampuni zichange, kama wenzetu walivyofanya. Na kwa mamlaka ya bima: Tanzania mtu anaweza kuingia kwenye mfumo wa TIRA MIS na kuhakiki bima ya gari kwa kutumia nambari yake ya usajili. Vyeti vyetu navyo ni vya kidijitali. Kila raia aliye kando ya barabara aweze kuvihakiki kwa urahisi huo huo, hata kwa simu ya mulika mwizi, kisha aambiwe waziwazi kwamba anaweza.

Lakini sheria huchukua miaka, na kesho asubuhi utawasha gari. Kwa hivyo haya ni yetu sisi.

Kama unaendesha gari la mtu, uliza tarehe ya bima kabla ya kushika ufunguo. Usione haya kumwuliza mjomba wala bosi. Likitokea la kutokea, ni wewe utakayekuwa umesimama kwenye mvua, si yeye. Kama wewe ndiye mwenye gari, usimkabidhi kijana wa watu gari ambalo wewe mwenyewe ungeogopa kulipitisha kwenye kizuizi.

Kama mna steji, sacco au chama, wekeni daftari la tarehe za stika. Mwenye kubakiwa na siku tatu akumbushwe, na akikosa akopeshwe. Tunachanga harusi, tunachanga matanga, hatuwezi kushindwa kuchangia stika ya mwenzetu. Mimi siku hizi kila jioni natoa kitu kidogo kwenye mauzo ya mayai naweka kando. Stika ikifika, pesa iko. Januari haijanishika tena.

Na ukigonga mtu, hata ukiwa huna bima, usizime simu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko fenda. Kama kijana angeshika simu ile Ijumaa akasema, "Madam, sijalipwa, nipe wiki mbili," tusingefika kwa mjomba, tusingefika kwa naibu wa chifu.

Nasema hivyo kwa sababu najua ilivyokwisha kwake. Mjomba alilipa, kisha akampokonya Probox akampa dereva mwingine. Miezi michache baadaye nilimkuta sokoni akipakia magunia ya avokado kwenye lori, ya kulipwa kwa gunia. Nilitaka kupita kimya, yeye akanisalimia kwanza. Akaja akaizunguka Vitz, akaangalia fenda, akasema fundi alifanya kazi safi.

Kisha akaniuliza stika ya mwezi siku hizi ni pesa ngapi. Nikamwambia. Akapiga hesabu ya magunia kwa vidole, akatikisa kichwa, akarudi kwenye lori.